Boksi la kadi za NBA Hoops za 1990-91: mapitio kutoka Dodoma

Bidhaa ninayoipitia hapa ni boksi moja la kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu, mfululizo wa kwanza wa NBA Hoops (NBA ndiyo ligi kuu ya kikapu ya Marekani) wa msimu wa 1990-91, likiwa bado limefungwa kama lilivyotoka kiwandani. Ndani ya boksi mna pakiti 36 na kila pakiti ina kadi 15, kwa hiyo mnunuzi anapata kadi 540 kwa mkupuo mmoja. Nililinunua kwa dola 30 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Marekani, nikaomba lipelekwe kwa mpwa wangu anayesoma huko, naye akalibeba kwenye begi lake aliporudi likizo. Lilishuka Dar es Salaam, likapanda treni ya SGR, na jioni hiyo hiyo lilikuwa juu ya meza yangu hapa Area D, likiwa zima, bila kona hata moja iliyobonyea. Lina uzito wa kilo moja na ushee, mzigo ambao si mdogo kwa msafiri aliyekwisha kuagizwa vitu na ukoo mzima, na kwa hilo ninamshukuru kijana huyo kwa dhati.

Tangu nilipopeleka baadhi ya kadi hizi kwenye uwanja tunaochezea jioni, nimeulizwa maswali mawili na karibu kila mtu: zimenunuliwa kwa bei gani, na baadaye zitauzwa kwa bei gani. Swali la kwanza nimekwisha kulijibu. Swali la pili ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu mtu atakayelinunua boksi hili akitumaini kuliuza kwa faida ataumia, ilhali atakayelinunua ili alifungue, azisome kadi moja moja na agawane na wenzake, sidhani kama atapata kitu kingine cha mpira wa kikapu cha bei hiyo kitakachompa furaha ya kudumu kiasi hicho.

Kadi hizi ni za kipindi ambacho wakusanyaji wa Marekani wamekipa jina la dharau: zama za takataka za nta. Nta inatajwa kwa kuwa pakiti za kadi za zamani zilifungwa kwa karatasi iliyopakwa nta, na takataka kwa kuwa kadi za wakati huo zilichapwa nyingi kupita kiasi. Kipindi chenyewe huhesabiwa kuanzia takribani 1987 hadi 1994, na chanzo chake kilikuwa besiboli. Katika miaka ya 1980 Wamarekani waliona kadi za besiboli za enzi za utoto wao zikianza kuuzwa kwa fedha nyingi, na bei hizo zimezidi kupanda hadi kadi moja ya mchezaji Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ikauzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kadi za aina hiyo zilikuwa zimeadimika kwa sababu ya kawaida kabisa: watoto walizichezea, wakazikunja, wakazibana kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele gurudumu likizunguka, na mama zao wakazitupa siku ya usafi. Watu wazima, kwa kutolitazama hilo vizuri, wakadhani kuwa uzee wenyewe ndio unaoleta thamani. Wakaanza kununua maboksi mazima na kuyafungia kabatini yawe akiba ya ada za watoto, na kampuni zilipoona mahitaji hayaishi zikaendelea kuchapa bila kumtangazia mtu idadi. Safari hii kila mtu alitunza na hakuna aliyetupa, na kitu kilichotunzwa na kila mtu kitaadimika kwa njia gani?

Mkazi wa Dodoma hahitaji mwalimu wa uchumi ili alielewe jambo hili. Zabibu zikiiva kwa pamoja Hombolo, Mpunguzi na Mvumi, ndoo iliyokuwa ikigombewa wiki chache zilizopita hushuka bei hadi mkulima akahofia kwamba nauli ya kuileta mjini itazidi mauzo yake. Zabibu zinakuwa ni zile zile na utamu wake ni ule ule, ila zimekuwa nyingi. Tofauti iliyopo ni kwamba zabibu zisizouzwa zitaoza au zitaanikwa, lakini kadi ya 1990 iliyomo ndani ya pakiti haiozi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya shehena ya wakati ule ipo hadi leo kwenye stoo za watu, ikingoja mnunuzi.

Kwa upande wa mpira wa kikapu, mafuriko hayo yalikuja mara tu baada ya ukame. Topps, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara ya kadi, iliacha kutengeneza kadi za kikapu baada ya msimu wa 1981-82 kwa sababu hazikuwa na soko. Kampuni ya Fleer ilipojaribu tena msimu wa 1986-87, kwa seti ya kadi 132 tu, wanunuzi walikuwa wachache. Na ndani ya seti hiyo iliyopuuzwa, kwenye namba 57, ndimo ilimo kadi maarufu ya Michael Jordan ambayo nakala yake moja iliyopewa alama ya juu kabisa ya ubora iliuzwa kwa dola 738,000 mwezi Januari 2021. Kisha mambo yakabadilika kwa kasi: Hoops ikaingia sokoni msimu wa 1989-90, SkyBox ikafuata 1990, Upper Deck ikaja 1991, na mwaka 1992 hata Topps ikarudi. Boksi langu limetoka katikati kabisa ya mafuriko hayo, na ndiyo maana dola zilizotosha kulinunua zisingetosha kununua hata kipande cha kona ya kadi ile ya Fleer.

Ninayo sababu yangu ya kuutaka msimu huo hasa. Mwaka ambao kadi hizi zilikuwa zikichapwa, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vya kwanza vilianza kurusha matangazo 1994. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na Chicago Bulls niliijua kwanza kutokana na fulana ya mtumba niliyonunuliwa na marehemu baba, nyekundu, yenye kichwa cha fahali kifuani, nikaivaa miaka miwili nikiamini kwamba ni fulana ya kampuni ya nyama. Wachezaji tulisimuliwa na kaka zetu waliokuwa sekondari, ambao nao walikuwa wamesimuliwa na wengine. Kwa hiyo nilipokata plastiki ya boksi hili nilikuwa ninakutana kwa mara ya kwanza na nyuso za watu ambao majina yao niliyataja utotoni kila nilipotupa mpira kwenye ringi ya ndoo iliyotobolewa kitako.

Pakiti ni za plastiki laini, na hazina ubani wa kutafuna kama ule uliokuwa ukiwekwa kwenye pakiti za kampuni nyingine na kuacha doa la sukari kwenye kadi iliyougusa; katika kadi zangu zote 540 sikukuta doa hata moja la namna hiyo. Ukiikata pakiti kwa upande, kadi hutoka zikiwa zimeshikana kidogo kama noti mpya, na ukizipeperusha kwa kidole gumba huachana zenyewe kwa mlio mwembamba mkavu. Harufu yake ni ya wino wa zamani na karatasi iliyofungiwa kwa muda mrefu, sawa kabisa na ya daftari jipya lililosahaulika kabatini. Kadi moja ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 89, na karatasi yake ni ngumu lakini si nene. Upande wa mbele, picha ya mchezaji imekatwa kwa umbo la lile eneo linalochorwa sakafuni chini ya ringi, lenye tao upande wa mstari wa mitupo huru, na pembeni pamezungushiwa rangi ya fedha, isipokuwa kadi 26 za kwanza, ambazo ni za wachezaji wa mechi ya nyota na zimepewa rangi ya dhahabu. Jina limechapwa kwa rangi ya timu, na nembo ya timu imekaa kwenye kona ya chini kulia. Ni mchoro wa kiasi, usiopiga makelele, na kila ninapoutazama naona kwamba aliyeubuni aliupenda mchezo wenyewe, kwa sababu aliiazima sura ya uwanja badala ya kubandika mapambo yasiyohusika.

Mfululizo wa kwanza una namba zinazofika 336, na seti nzima, ukiongeza mfululizo wa pili, hufika 440. Kwa kadi 540 mtu angetarajia kukamilisha mfululizo wa kwanza na chenji ikabaki, lakini haikuwa hivyo. Nilipozipanga zote sakafuni kwa kufuata namba nilikuta kadi 291 tofauti na marudio 249, maana yake ni kwamba bado nilikuwa na mapengo 45. Kuna wachezaji niliowapata mara nne, na kuna timu ambayo nusu ya wachezaji wake hawakutokea kabisa. Hili nilihesabu kuwa ni kasoro mpaka siku ya pili, nilipoona kwamba marudio ndiyo sehemu ya boksi iliyotoka nje ya nyumba: ndiyo niliyoyapeleka uwanjani, ndiyo waliyopewa watoto wa jirani, na ndiyo yaliyowafanya vijana wanaocheza kikapu cha leo waulize Magic Johnson alikuwa anacheza nafasi gani. Boksi lenye kadi ghali lisingeniruhusu kufanya hivyo. Kadi ya maelfu ya dola hufungiwa kwenye plastiki ngumu, haitolewi, na mwenyewe huwa na wasiwasi hata mgeni akiinyooshea mkono.

Utajiri wa kadi hizi uko upande wa nyuma. Huko kuna picha ndogo ya uso, mahali na tarehe ya kuzaliwa, chuo alichosoma mchezaji, na jedwali la takwimu zake za chuoni na za ligi, msimu kwa msimu. Mdogo wake yule mpwa wangu, binti wa kidato cha kwanza ambaye kikapu hakijui wala hakitaki, alikaa nami sakafuni kwa heshima tu, akanipangia namba. Alipofika kwenye kadi ya Muggsy Bogues wa Charlotte Hornets alisimama, akaniuliza futi 5 na inchi 3 ni sentimita ngapi. Nikamwambia ni 160. Akaenda kwenye mlango ambao tumekuwa tukimpima kwa penseli tangu akiwa na miaka mitano, akarudi anacheka: "Mjomba, huyu mimi namzidi! Na wanamruhusu kucheza?" Nikamtafutia kadi ya Manute Bol, Mdinka wa Sudan, mtu wa sentimita 231, nikaziweka mbili hizo kando kando kwenye zulia, nikamweleza kwamba watu hawa wawili walicheza timu moja, Washington Bullets, msimu wa 1987-88. Hakuamini mpaka alipozigeuza na kusoma mwenyewe kwenye majedwali, jina la timu na mwaka, kwenye kadi zote mbili. Tangu hapo amekuwa akisoma migongo ya kadi peke yake akishamaliza kazi za shule, na amejifunza kugawanya pointi kwa idadi ya michezo bila kuagizwa na mtu.

Kadi niliyoitamani kuliko zote ni namba 223, ya Sam Vincent wa Orlando Magic, na niliipata kwenye pakiti ya 19. Vincent hakuwa nyota, na kadi yake isingekuwa na habari kama mpiga picha asingemnasa pia Michael Jordan akiwa amevaa jezi namba 12. Tarehe 14 Februari 1990, kabla ya mchezo wa Bulls kule Orlando, jezi ya Jordan ya namba 23 iliibwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hata ikabidi atafutiwe jezi ya akiba isiyo na jina mgongoni. Alifunga pointi 49 akiwa ndani yake, na Bulls wakafungwa katika muda wa nyongeza. Hakuvaa tena namba hiyo katika ligi, na picha ya usiku huo ikaingia kwenye kadi ya mtu mwingine. Baadaye kampuni ikatoa toleo jingine la namba hiyo hiyo, likiwa na picha nyingine ya Vincent. Kadi yenye kisa kama hicho, na ambayo bado mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimiliki, ndiyo hoja yangu ya kwanza ninapolitetea boksi hili. Ingekuwa imechapwa kwa uchache, ningeisoma habari yake tu; kwa kuwa ilichapwa kwa wingi, ninayo mkononi.

Sina furaha hiyo hiyo na namba 205, ya Mark Jackson wa New York Knicks. Nyuma ya mchezaji, kwenye viti vya mbele, wanaonekana vijana wawili ambao watazamaji wa baadaye waliwatambua kuwa ni ndugu Lyle na Erik Menendez, waliokuja kuhukumiwa kwa kuwaua wazazi wao mwezi Agosti 1989. Tangu jambo hilo lijulikane, wauzaji wamekuwa wakiitangaza kadi hiyo kwa bei ya juu. Mimi nimeipata mara mbili na nimeiweka mahali pake kwa sababu seti bila namba 205 haijakamilika, lakini sioni uzuri wa kulipia zaidi kwa ajili ya msiba wa familia, na Jackson mwenyewe, mpigaji pasi hodari, anastahili kutazamwa kwa mchezo wake.

Msomaji wa Kiafrika atapata ndani ya boksi hili kitu ambacho wakusanyaji wengi hawakizungumzii. Kadi ya mchezaji wa kati wa Houston Rockets imeandikwa Akeem Olajuwon, bila herufi ya kwanza ya jina lake. Mzaliwa huyo wa Lagos alirekebisha tahajia kuwa Hakeem mwezi Machi 1991, kwa hiyo kadi za kabla ya hapo zimebeba kosa ambalo sisi wenye neno hakimu katika lugha yetu tunaliona mara moja, na za baada ya hapo zimenyooshwa. Kuziweka mbili hizo pamoja ni sawa na kumwona mtu akirudishiwa jina lake. Anayemtafuta Mkongo Dikembe Mutombo hatamkuta humu, kwa kuwa aliingia ligini 1991, na atafute maboksi ya msimu wa 1991-92, ambayo nayo ni ya bei nafuu. Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 na kuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko, ana kadi za msimu wa 2009-10. Ni za zama nyingine kabisa, lakini nimeagiza moja, na itakaa ukurasa mmoja na Olajuwon na Bol.

Kasoro zipo. Uchapaji haukuwa wa uangalifu, na karibu theluthi ya kadi zangu zina picha iliyoegemea upande mmoja, ukingo wa kushoto ukiwa mwembamba na wa kulia mnene. Picha nyingine ni za giza, zilizopigwa kutoka mbali, na mchezaji amezibwa nusu na mkono wa mpinzani. Rangi ya fedha ya pembeni hukwanguka haraka, na mkwanguo unaonekana kwa macho. Wachezaji wapya wa ligi waliomo kwenye mfululizo huu na waliokuja kuvuma si wengi, ingawa Shawn Kemp, Tim Hardaway na Vlade Divac wamo, na kati ya kadi 27 za makocha, moja kwa kila timu ya wakati huo, yumo Phil Jackson kwenye namba 308, akiwa bado hajashinda ubingwa hata mmoja kati ya 11 alioshinda baadaye kama kocha. Gary Payton yumo kwenye mfululizo wa pili, ambao huuzwa kwa boksi lake.

Ukililinganisha na wenzake wa zama hizo, SkyBox ya 1990-91 ina mvuto zaidi kwa watoto, kwa kuwa wachezaji wamekatwa kutoka kwenye picha zao na kuwekwa juu ya michoro ya kompyuta ndani ya pambizo la dhahabu, lakini kwangu mimi anayetaka kuona uwanja, jezi za wapinzani na watazamaji waliokaa nyuma, michoro hiyo imenipunguzia nusu ya raha. Upper Deck ya 1991-92 ndiyo yenye picha bora kuliko zote, mbele na nyuma, pamoja na kibandiko kidogo kinachong'aa cha kuzuia kughushi, na ningeipendekeza kwa moyo wote isingekuwa jambo moja lililonipata. Kadi zake zimepakwa vanishi ya kung'arisha, na zikikaa miaka mingi mahali penye joto na unyevu hugandana zikawa tofali. Mwaka jana nilinunua kutoka kwa muuzaji mmoja kadi 100 zilizodaiwa kuwa mpya kabisa, na zilikuwa zimehifadhiwa mji wa pwani. Zilifika zikiwa kipande kimoja. Nilijaribu kuziachanisha taratibu, moja moja, kwa kuzipinda kidogo pembeni, na kila iliyoachia ilibandua uso wa iliyokuwa chini yake. Niliokoa 20. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Kadi za Hoops hazina mng'ao huo mzito, na hilo peke yake linatosha kumfanya mnunuzi wa kwanza aanze na Hoops.

Hali ya hewa ya Dodoma, ambayo wengi huilalamikia, ni rafiki wa kadi. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mwaka iliyobaki hewa ni kavu. Unyevu unaowatesa wakusanyaji wa Tanga na Dar es Salaam hatunao. Adui wetu ni vumbi. Upepo wa Julai na Agosti huingiza vumbi jekundu hata kwenye droo iliyofungwa, na chembe zake zikikaa kati ya kadi mbili zinazosuguana hukwangua uso. Mifuko midogo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi sikuipata katika maduka niliyoyazungukia hapa mjini, kwa hiyo nilinunua mifuko ya faili ya saizi ya A4 kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikaigawa vyumba kwa kuibana na pasi ya moto wa chini juu ya karatasi, vyumba tisa kwa kila ukurasa, na inafanya kazi vizuri. Marudio yanakaa kwenye boksi la viatu lililofunikwa kwa kitambaa. Ninachoomba mtu yeyote asifanye ni kuziweka kwenye zile albamu za picha zenye kurasa za kunata tulizozizoea sebuleni, kwa maana gundi yake hula mgongo wa kadi, na mgongo ndipo penye takwimu.

Kuhusu bei, nitasema wazi kwa ajili ya vijana wanaonitumia picha za matangazo. Kwa sehemu kubwa, kadi ya Jordan iliyomo humu, iwe namba 5 ya nyota au namba 65 ya kawaida, si mali ya kurithisha, hata kama muuzaji ameandika kwamba ni adimu na ameweka bei yenye sifuri nyingi. Kampuni za kupima ubora, kama PSA iliyoanza 1991, hutoza ada kwa kila kadi, na kwa kadi nyingi za zama hizi ada hiyo pamoja na posta ya kwenda na kurudi huzidi bei ya kadi yenyewe. Zaidi ya hayo, boksi lililofunguliwa likafungwa tena kwa plastiki mpya linauzwa kama zima, na dalili yake ni plastiki iliyolegea kwenye kona na mshono usionyooka. La kwangu nililikagua kwa picha sita kabla ya kulipa, na muuzaji hakukasirika kuombwa. Anayekasirika kwa kuombwa picha, mwache.

Kwa anayetaka seti kamili bila kuhangaika, ipo njia ya kununua seti iliyokwisha kupangwa, na mara nyingi bei yake haizidi ya boksi. Mimi singeifuata. Ningekosa zile jioni tatu za kufungua pakiti 12 kila siku, nikijizuia nisizimalize zote mara moja, na ningekosa kumwona binti yule akikimbilia mlangoni.

Mapengo 45 yamebaki 38, baada ya rafiki yangu wa uwanjani kurithi mkusanyo mdogo ulioachwa na mfanyakazi mmoja wa kigeni na kubadilishana nami marudio kwa marudio. Rafiki huyo huyo sasa ameagiza boksi lake la mfululizo huu huu, linalotarajiwa kufika mwishoni mwa mwezi, na tumekubaliana kwamba litafunguliwa hapa kwangu, juu ya zulia lile lile. Orodha ya namba zinazokosekana imebandikwa kwenye mlango wa jikoni kwa mwandiko wa binti yule, na iliyopigiwa mistari miwili ni namba 279, ya Shawn Kemp.